Hesabu ya Jumamosi

Fomu imetoka Mbeya mjini, kurasa nne,
imepigwa chapa kwa wino unaofifia.
Wanasema sasa askari wa akiba nao watafikiriwa:
kiinua mgongo, au kitu cha kufanana nacho.
Mstari wa sita unauliza: Miaka ya utumishi.
Baba anautazama kama mtu aliyeulizwa
amepata mvua kiasi gani shambani.

Sisi wa Tukuyu mvua hatuipimi.
Tunaijua kwa nguo zisizokauka.

"Miaka sijatumikia," anasema. "Nimetumikia siku."

Basi nimefungua daftari la kaunta,
nimechonga penseli kwa wembe, tumeanza na Jumamosi.
Saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa shule ya msingi,
bunduki ya mti wa mkaratusi begani,
mguu pande, mguu sawa, tope likiingia ndani ya raba.
Miaka thelathini mara hamsini na mbili:
elfu moja mia tano na sitini.
Utotoni sikujua kwamba baba za wenzangu
Jumamosi hushinda nyumbani.

Halafu ghala la kahawa la ushirika,
kukesha mara mbili kwa wiki, miaka tisa,
tochi ikila betri kuliko sisi tulivyokula sukari.
Mia tisa thelathini na sita.
Moto wa Mlima Rungwe, ule wa Oktoba, siku kumi na tisa;
alirudi hana nyusi, mama akacheka mpaka akalia.
Vita vya Kagera.
Hapo hasemi kitu. Anahesabu kwa kidole juu ya goti,
kisha ananipa jumla: mia nne ishirini na sita.
Siulizi. Nami naandika jumla tu.

Zote elfu mbili mia tisa arobaini na moja.
Nazigawanya kwa mwaka:
miaka minane, na siku ishirini na moja zimebaki pembeni
kama ndizi zisizofika mkungu.

Fomu inataka kumi na tano.

Ipyana wa ofisi ya kata, kijana mwema, hana kosa,
alishanidokeza jana, akilamba kidole kufunua mwongozo:
"Dada, Jumamosi huhesabiwa nusu. Gwaride liliisha saa sita."
Neno hilo nimempelekea baba pamoja na chai.
Amepuliza kikombe.
"Liliisha saa sita, kweli.
Na kule kwenye chai, vibarua huandikwa saa moja asubuhi.
Ile nusu nyingine aliichukua nani?"

Sina jibu, na fomu haina mstari wa jibu.
Nimeandika ukingoni, kwa herufi kubwa, SIKU NZIMA.
Najua ukingoni hapasomwi.

Namfikiria Lugano wa ng'ambo ya Mto Kiwira,
platuni moja na baba, asiye na mtoto wa kushika penseli.
Namfikiria Mwambene, aliyeingoja fomu hii
mpaka tukamlaza chini ya migomba yake mwenyewe;
mjane ameyatunza mabuti, amepandia vitunguu.
Siku wakija kuhakiki, wayahakiki na hayo.

Mafuta ya taa yanakwisha. Nakunja daftari.
Baba analigonga kwa ukucha.
"Futa moja."
"Ipi?"
"Jumamosi moja sikwenda. Nisije nikalipwa nisichofanya."
Nafuta moja, inabaki arobaini kamili.
"Ulikuwa unaumwa?"
"Mwezi wa nne, daraja limezolewa na maji.
Mama yako tulimbeba kwa machela, mimi na Lugano,
tukizunguka juu kwa juu mpaka hospitali ya misheni.
Ulitoka saa nne. Wenzetu walikuwa bado uwanjani."

Anavuta blanketi mabegani.
"Na Lugano naye, ukimjazia yake, umtoe moja."

Pale nilipofuta karatasi imekonda.
Nikiiinua kwenye taa, inapitisha mwanga.